Mita 2,100 Juu ya Sanremo: Rekodi za Njia za Changarawe

Tarehe 3 Aprili 1910, waendesha baiskeli zaidi ya 60 waliondoka Milano kuelekea Sanremo, mji wa pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia. Waliohesabiwa kuwa wamemaliza ni wanne tu. Mbio za Milano–Sanremo zilianza mwaka 1907, na hakuna mwaka mwingine zilipomalizwa na wachache kiasi hicho. Mshindi alikuwa Mfaransa Eugène Christophe, aliyetumia saa 12 na dakika 24 kwa kilomita zinazokaribia 290. Kwenye mlima wa Turchino alikuta theluji imefunika barabara. Vidole vikakataa kushika breki, mwili ukaanza kuganda, akaingizwa kwenye nyumba ya wageni kando ya njia. Wakamvua nguo zilizolowa, wakamfunika blanketi, wakampa suruali ndefu. Damu ilipoanza kutembea tena, akatoka nje, akapanda baiskeli, akaendelea hadi baharini. Anayetambuliwa leo kuwa wa pili alifika zaidi ya saa nzima baada yake. Ushindi huo ulimlaza Christophe hospitalini mwezi mzima.

Mwaka 2024 Mbelgiji Jasper Philipsen aliimaliza safari kama hiyo, kilomita 288, kwa saa sita na robo hivi, wastani wa kilomita 46 kwa saa. Hadi mwaka 2025 hakuna aliyekwenda kasi zaidi. Ukitoa ubora wa baiskeli na chakula cha kisasa, tofauti kubwa kati ya watu hawa wawili ni lami. Christophe hakuwa nayo. Alipita kwenye kokoto, matope na mavumbi tangu Milano hadi ufukweni, na baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nzito.

Naanza na habari hii kwa sababu kuna watu wanaodhani baiskeli ya changarawe ni fasheni iliyozuka juzi. Ni kweli jina na bidhaa ni vya karne hii: usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mbio, tairi za unene wa milimita 40 hadi 50, breki za diski, giya nyepesi za kupandia. Lakini kuendesha mwendo mrefu kwenye barabara isiyo na lami ndiyo asili ya mchezo wenyewe, na Sanremo ni mojawapo ya miji inayoweza kuthibitisha hilo kwa macho. Ukiipa bahari kisogo, unaona vilima vilivyokatwa matuta ya mizeituni, juu yake misitu, na juu ya misitu milima ya mawe matupu. Kutoka ufukweni hadi Monte Saccarello, mlima mrefu kuliko yote katika mkoa wa Liguria wenye mita 2,201, mstari ulionyooka haufiki kilomita 30. Katika nafasi hiyo ndogo zimejaa njia za vumbi zinazoshika rekodi za kila aina, na hakuna hata moja iliyojengwa kwa ajili ya mwendesha baiskeli. Zilijengwa kwa mikono ya watu waliokuwa na shughuli nyingine: kubeba chumvi, kuburuta mizinga, kulaza reli, kupeleka kondoo malishoni. Rekodi ninazozitaja hapa ni zao kwanza.

Ndefu kuliko zote kwenye mgongo wa milima

Via del Sale, yaani Njia ya Chumvi, inaunganisha Limone Piemonte na Monesi di Triora. Ni kilomita 39 za changarawe tupu, bila kijiji katikati, na sehemu kubwa iko kati ya mita 1,800 na 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye Colle dei Signori inagusa mita 2,111. Katika milima yote inayotazama pwani hii, sijui njia nyingine ya magurudumu inayokaa juu kiasi hicho kwa umbali mrefu kiasi hicho.

Chumvi iliyoipa jina ilitoka baharini. Watu wa Piemonte, upande wa pili wa milima, hawakuwa na pwani, na bila chumvi hakuna jibini, hakuna nyama ya akiba, hakuna ngozi ya kutengenezea viatu. Kwa karne nyingi misafara ya nyumbu wa mizigo ilivuka milima hii ikipandisha chumvi, mafuta ya zeituni na dagaa waliohifadhiwa kwa chumvi, na kushuka na nafaka na jibini. Mpaka leo chakula kinachopendwa sana Piemonte, bagna cauda, ni mchuzi wa moto wa dagaa, kitunguu saumu na mafuta, vitu viwili kati yake vikitoka ng'ambo ya milima. Inasimuliwa kwamba wapo wachuuzi waliojaza chumvi chini ya pipa na kutandaza dagaa juu ili kuukwepa ushuru wa mfalme. Simulizi au kweli, inaonyesha chumvi ilikuwa na thamani gani.

Hata hivyo barabara yenyewe, kwa upana na mteremko wake wa leo, ni kazi ya jeshi. Italia ilipoungana ikawa na mashaka na Ufaransa, na miaka ya 1880 ikajenga ngome juu ya Colle di Tenda. Ngome zinahitaji mizinga, mizinga inahitaji barabara isiyopanda ghafla, maana mnyama anayevuta chuma hawezi mwinuko wa ghafla. Hapo ndipo mwendesha baiskeli wa leo anapofaidi bila kujua. Mteremko uliopimwa kwa ajili ya nyumbu na mzinga ndio unaomfaa mtu mwenye begi la siku mbili kwenye fremu. Unapanda taratibu, unapumua, unaendelea.

Mahali pa kusimama na kutazama ni karibu na Colle della Boaria, mita 2,102. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na upande wa chini imeshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, jiwe juu ya jiwe. Ukiinama utaona kila jiwe limeelekezwa ndani kidogo ili uzito wa mlima uufunge ukuta badala ya kuusukuma. Ufundi huo wa mawe makavu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi zisizoshikika mwaka 2018, Italia ikiwa miongoni mwa nchi zilizouombea. Ni ufundi ule ule uliojenga matuta ya mizeituni kule chini. Theluji imekaa juu ya kuta hizi kila majira ya baridi kwa zaidi ya karne, na bado zimesimama.

Onyo moja, nalo nalisema kwa mkazo: maji. Eneo hili ni mwamba wa chokaa uliotobolewa na mvua tangu zamani. Chini ya Punta Marguareis, kilele cha mita 2,651, kuna pango la Piaggia Bella lenye makumi ya kilomita za njia za chini kwa chini. Mvua ikinyesha inazama humo, na juu hakubaki kitu. Mtu anaweza kupita kwenye nyasi za kijani kibichi saa nzima akiwa na kiu asione hata kijito. Katikati ya njia kuna banda la wapanda mlima, Rifugio Don Barbera, kwenye mita 2,079. Hapo ndipo pa kujaza chupa.

Wakati wa kiangazi magari na pikipiki huruhusiwa kwa kulipia na kwa idadi maalumu, ila Jumanne na Alhamisi barabara huachiwa watembea kwa miguu na baiskeli. Chagua siku hizo. Vumbi la gari moja kwenye barabara ya chokaa linakaa hewani muda mrefu, na wasomaji waliowahi kufuata lori kwenye murram ya Kajiado au barabara ya Singida miaka ile hawahitaji kuelezwa zaidi.

Yenye kona nyingi kuliko zote

Upande wa Limone, njia inafika Colle di Tenda, kipito cha mita 1,871 kinachoangalia Ufaransa. Kutoka juu, barabara ya zamani inashuka kusini kuelekea kijiji cha Tende kwa kona 46 za kugeuka kabisa, karibu zote zikiwa za changarawe. Kutoka ngomeni unaziona zote kwa mpigo, zimelala moja juu ya nyingine kama uzi wa cherehani uliochanguka. Kila ukimaliza kona, unayoikuta mbele ni ile ile ukiitazama kutoka upande mwingine.

Kuishuka kuna adabu yake. Changarawe hulundikana nje ya kona, palipopigwa na magurudumu panakuwa pagumu ndani. Breki hushikwa kabla ya kona, huachiwa ndani ya kona, na macho hutangulia kwenye kona inayofuata. Anayeshika breki ya mbele akiwa ameinama kwenye kokoto laini ataokota meno. Wazee waliopita hapa na mikokoteni walikuwa na woga huo huo, na kwa ajili yao yalifanyika mabadiliko makubwa: mwaka 1882 lilifunguliwa handaki la Tenda, lenye urefu wa mita 3,182, ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa handaki refu kuliko yote ya barabara. Mabehewa ya farasi yakahamia chini, barabara ya juu ikabaki kwa askari, wachungaji na wafanya magendo.

Milima hii imehamishwa pia kwa kalamu. Tende na La Brigue zilikuwa za Italia hadi mkataba wa amani wa mwaka 1947, ulipozipeleka Ufaransa. Ndiyo maana njia inayoanza Italia na kuishia Italia inaingia na kutoka Ufaransa, na ngome zilizojengwa kuwatisha Wafaransa sasa zimesimama kwenye ardhi ya Ufaransa.

Mwanzoni mwa Oktoba 2020 dhoruba iliyopewa jina Alex ilipiga mabonde ya Roya na Vésubie. Mito ilibeba madaraja, nyumba na vipande virefu vya barabara, na njia ya kuingia kwenye handaki la Tenda ikang'olewa. Handaki halikurudi kutumika hadi Juni 2025. Katika kipindi hicho reli ya Cuneo–Ventimiglia, iliyofunguliwa mwaka 1928, ikabomolewa vitani na kufunguliwa upya mwaka 1979, ndiyo iliyokuwa uzi wa kuwaunganisha watu wa bonde. Kwa mwendesha baiskeli ni hazina: unapanda treni Ventimiglia, kando ya bahari, inakuzungusha ndani ya mahandaki ya mviringo mpaka Limone, karibu mita 1,000 juu, ukiwa bado hujatoka jasho.

Tambarare kuliko zote, na yenye handaki refu

Sasa tushuke, kwa sababu rekodi za pwani ni za kutaja kwa kifupi. Mwaka 1872 reli ililazwa kando kabisa ya maji kati ya Ospedaletti na San Lorenzo al Mare. Septemba 2001 treni zilihamishiwa ndani ya mlima, na kilomita 24 za tuta la reli zikageuzwa njia ya baiskeli, ambayo imekuwa ikirefushwa kuelekea Imperia. Imetiwa lami, kwa hiyo wenye msimamo mkali watasema haihusiki. Mimi naitaja kwa sababu ndiyo mlango wa njia zote nyingine, na kwa sababu treni haziwezi milima: hakuna sehemu inayopanda kiasi cha kukufanya ubadilishe giya. Kati ya Sanremo na Ospedaletti inapita ndani ya handaki la Capo Nero, zaidi ya kilomita moja na nusu, ambamo historia ya Milano–Sanremo imeandikwa njia nzima, mwaka baada ya mwaka. Mtoto wa miaka saba anaweza kupita mbele ya majina ya Christophe na Eddy Merckx, aliyeshinda mara saba, akiwa kwenye baiskeli yenye magurudumu ya kusaidia.

Na maadamu tumetaja majina, kuna moja linalopaswa kuwagusa wasomaji wa Afrika. Machi 2013 theluji ilirudi Turchino kama ya mwaka 1910. Waandaaji waliwasimamisha wanamichezo Ovada, wakawapakia kwenye mabasi hadi Cogoleto, wakawashusha waendelee huku wengine wakitetemeka hawawezi hata kufunga kofia. Mbio, ambazo kwa kawaida ndizo ndefu kuliko zote za siku moja kwenye kalenda ya wanaolipwa, zilifupishwa hadi kilomita 246 hivi. Aliyewapiku Peter Sagan na Fabian Cancellara kwenye mita za mwisho alikuwa Mjerumani Gerald Ciolek, akivaa jezi ya MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini. Timu ya Afrika haikuwahi kushinda mbio za hadhi hiyo kabla ya siku ile.

Kongwe kuliko zote

Hapa sina shaka: Via Julia Augusta. Kaisari Augusto aliagiza barabara hiyo mwaka wa 13 kabla ya Kristo, kuunganisha Italia na Gaul kupitia pwani. Kipande chake kinaonekana Capo Mortola, karibu na mpaka wa Ufaransa, ndani ya bustani ya Hanbury iliyoanzishwa mwaka 1867. Hapo ni pa kutazama tu, huruhusiwi kuendesha.

Anayetaka kuizungusha tairi juu ya njia ya Warumi apande treni kuelekea mashariki hadi Finale Ligure. Nyuma ya mji huo kuna bonde la Val Ponci, na ndani ya bonde madaraja matano ya Kirumi, mengine mazima, mengine yamebaki nguzo na vifusi. Zuri kuliko yote ni Ponte delle Fate: tao moja la mawe, limefunikwa majani, kijito chini yake kimekauka sehemu kubwa ya mwaka. Njia ya changarawe inapita juu yake. Hakuna kibanda cha tiketi wala kamba ya kukuzuia, na nakiri kwamba jambo hilo linanifurahisha na kunitia hofu kwa wakati mmoja. Daraja lililobeba wanajeshi na wafanyabiashara kwa karibu miaka elfu mbili halitavunjwa na baiskeli, lakini breki za ghafla kwenye mawe yake zinakwangua. Shuka, sukuma hatua ishirini, panda tena.

Juu ya bonde kuna uwanda wa Le Manie, unaojulikana kwa mbio za saa 24 za baiskeli za milimani. Barabara yake ya lami iliwahi kuingizwa kwenye Milano–Sanremo kuanzia mwaka 2008. Mbio za mwaka 2013 zilikuwa za mwisho kuipanga, nayo theluji ikaifuta njiani.

Ngumu kuliko zote

Wapo watakaotaja Alta Via dei Monti Liguri, njia ya mgongo wa milima yenye urefu wa kilomita 440 kutoka Ventimiglia hadi Ceparana. Kwa urefu haina mshindani. Lakini sehemu zake nyingi ni za miguu, na kubeba baiskeli begani siuiti uendeshaji. Kwangu mimi cheo cha ugumu ni cha barabara ya kijeshi ya mpakani, kutoka pwani ya Ventimiglia kuelekea kaskazini hadi kuungana na Via del Sale.

Ugumu wake haupo kwenye mwinuko mmoja. Upo kwenye kujirudia. Unaanza kwenye usawa wa bahari, kwenye joto na harufu ya mimosa. Unapita Passo Muratone, mita 1,158. Mbele kuna Pietravecchia na Toraggio, milima miwili ya mawe ambayo ubavuni mwake jeshi la Italia lilichonga Sentiero degli Alpini kati ya mwaka 1936 na 1938. Njia hiyo ni ya miguu tu, nyembamba, yenye korongo upande mmoja, na baiskeli haina kazi hapo. Baiskeli hupita Colla Melosa, mita 1,540, halafu changarawe inapanda kuelekea Monte Grai na kambi zilizoachwa za Marta. Paa zimeanguka, kuta bado. Ndani ya mwamba mna ngome ya miaka ya 1930 yenye madirisha makubwa yanayotazama bonde la Roya. Juni 1940, Italia ilipoishambulia Ufaransa, mizinga ililia huku. Na miaka 146 kabla yake, mwaka 1794, majeshi ya Ufaransa chini ya Masséna yalipigana kwenye vipito hivi hivi kuelekea Saorge.

Kisha unashuka hadi Colla Ardente, unapoteza sehemu kubwa ya ulichopanda tangu Colla Melosa, na unaanza upya kuelekea Passo Tanarello, zaidi ya mita 2,040, chini ya Saccarello. Mawe hapo ni makubwa kama ngumi na yana ncha. Tairi iliyojazwa upepo mwingi inaruka kama mpira na kukutoa njiani, na iliyo laini mno inapigwa na rimu na kupasuka ubavuni. Wengi hutumia tairi zisizo na mpira wa ndani, zenye utomvu unaoziba tundu dogo, na bado hubeba mpira wa ndani mmoja na kiraka cha ganda, kwa sababu utomvu hauzibi mpasuko. Wakenya wanaofuatilia Migration Gravel Race, iliyoanza mwaka 2021 katika nchi ya Wamaasai, wataelewa: kokoto za kule na za huku hazifanani, ila masikitiko ya ganda lililopasuka mbali na watu ni yale yale.

Juu kabisa, karibu na kilele, kuna sanamu ya Kristo Mkombozi iliyowekwa mwaka 1901. Siku ya anga safi, hasa alfajiri, kisiwa cha Corsica huonekana kikielea baharini. Kushuka upande wa Monesi kunahitaji uangalifu na heshima: mvua ya Novemba 2016 iliporomosha ardhi na kubomoa nyumba za Monesi di Mendatica, na bonde hilo halijarudi lilivyokuwa.

Jambo moja la huku juu linaogopwa kuliko mawe, nalo ni mbwa wa kulinda mifugo. Mwaka 1992 mbwa mwitu walionekana tena katika hifadhi ya Mercantour, upande wa Ufaransa, wakiwa wametoka Italia kwa miguu yao baada ya miongo mingi ya kutokuwepo. Wachungaji, wakiwemo wanaofuga kondoo wa aina ya Brigasca ambao asili yao ni La Brigue, wakarudia desturi ya kuweka mbwa wakubwa weupe wanaozaliwa na kulala kati ya kondoo. Mbwa hawa hawamfuati mchungaji. Wanaamua wenyewe. Kitu kinachokuja mbio, kimya, kimeinama, kwao ni adui, na baiskeli inateremka hivyo hivyo. Ukiona kundi, simama mbali, shuka, iweke baiskeli kati yako na mbwa, ongea kwa sauti ya kawaida ili ajue ni mtu, halafu zunguka kundi polepole bila kulikata katikati. Usirushe jiwe. Usimtazame machoni kwa muda mrefu. Akiridhika atageuka mwenyewe. Wafugaji wa kwetu wangeona maelezo haya hayana haja, lakini kila kiangazi watu wa mjini hufika huku wakidhani malisho ni bustani ya umma, na lawama hurudi kwa mchungaji ambaye hakumwita mtu.

Rekodi ndogo ndogo

Aliye na siku moja tu asipande milima mikubwa. Monte Bignone, mita 1,299, unaanza nyuma ya nyumba za Sanremo. Mwaka 1936 ulijengewa waya wa vibehewa vya kuning'inia kutoka mjini hadi kileleni, miongoni mwa mirefu zaidi duniani wakati huo, ukafungwa mwaka 1981. Njia za msituni kutoka San Romolo kwenda juu ni changarawe safi yenye kivuli, na kwa maoni yangu ndiyo safari bora kuliko zote kwa anayejifunza.

Kijiji kilichotoa mtu aliyefika mbali kuliko wote ni Perinaldo, juu ya kilima magharibi mwa Sanremo. Giovanni Domenico Cassini alizaliwa hapo mwaka 1625, na mwaka 1675 aliona pengo katika pete za sayari ya Zohali.

Kijiji kilichohama kwa ghafla kuliko vyote ni Bussana Vecchia. Alfajiri ya tarehe 23 Februari 1887, Jumatano ya Majivu, tetemeko lilikiangusha, na waliosalia wakajenga kijiji kipya chini. Kuanzia karibu mwaka 1960 wasanii walianza kuingia kwenye magofu na kuyafanya makao. Barabara ya kuingia ni fupi na mbaya.

Kwa anayepanga safari: mgongo wa milima huwa na theluji hadi mwishoni mwa Juni, na theluji mpya inaweza kuanguka Oktoba, kwa hiyo miezi ya kuaminika ni Julai, Agosti na Septemba. Agosti mawingu ya radi hujikusanya baada ya saa nane mchana karibu kila siku, basi mtu aanze kupanda kabla ya mapambazuko. Machi, wakati wa Milano–Sanremo, njia za chini zote ziko wazi: Val Ponci, Bignone, matuta ya mizeituni ya mji wa Taggia. Chukua koti la mvua hata kama bahari imetulia, chupa tatu za maji kwa Via del Sale, na giya ya mbele ndogo kuliko unayodhani inakutosha. Treni ya Limone inapokea baiskeli, lakini nafasi ni chache na wikendi hujaa tangu kituo cha kwanza.